Jimmie Rodgers, Mtu wa Freni Aliyegeuka Mtunzi wa Nyimbo



Katika kurasa za gazeti letu tumekwisha kusoma maisha ya wafalme, ya wavumbuzi na ya wamisionari. Leo ninaomba ruhusa niwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwa mfalme wala mwalimu. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mgonjwa wa kifua, na masomo yake yalikuwa kidogo sana. Jina lake ni Jimmie Rodgers. Huko Marekani wanamwita baba wa muziki wa kantri, ndio muziki wa watu wa mashamba na wa miji midogo ya kusini ya nchi ile. Alikufa mwaka 1933, lakini diski zake zinasikilizwa hata leo.

Sababu ya kumchagua ni hii. Jioni, kiisha kula, sisi vijana wa nyumba ya kulala tunakaa na gitari, na kila mara mabishano yanaanza. Mmoja anasema kwamba wimbo hauna kazi, unakuja wenyewe, mwenye kipawa anaamka asubuhi nao ni tayari kichwani. Mwingine anajibu kwamba mtunzi ni mwizi tu, anaokota hapa na pale, kiisha anaweka jina lake juu. Nilipopata kusoma maisha ya Rodgers, niliona kwamba wote wawili wameshika kipande cha kweli, lakini hakuna aliyeshika yote. Tuangalie pamoja.

Mtoto wa kapita

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 9, 1897, na nyumbani kwao alipopahesabu yeye mwenyewe ni mji wa Meridian, katika jimbo la Mississippi. Mama yake alikufa wakati yeye alikuwa bado mtoto mdogo. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa kapita wa kikosi cha watu waliotengeneza njia ya reli. Kazi ya namna ile haikai pahali pamoja, kwa hiyo mtoto alilelewa mara kwa ndugu huyu, mara kwa ndugu yule, na masomo yake yakakatika-katika.

Alipokuwa na miaka kumi na mbili au kumi na mitatu, alishinda mashindano ya kuimba mjini kwao. Ushindi ule ukamlewesha. Akatoroka nyumbani kufuata watu wa michezo waliozunguka mji kwa mji. Baba yake akamfuata, akamrudisha, akamweka kwenye kazi ya reli. Hapo alipewa kazi ya watoto: kubeba maji ya kunywa na kuwapelekea wafanyakazi.

Wafanyakazi wale wengi walikuwa Weusi. Siku zile, kule Mississippi, sheria ilitenga Weusi na Wazungu: masomo mbalimbali, mabehewa mbalimbali, hata makaburi mbalimbali. Lakini kwenye reli mtoto wa Mzungu alikaa katikati ya watu hawa mchana kutwa na ndoo yake ya maji. Chuma cha reli ni kizito, hakuna mtu mmoja anayeweza kukisogeza. Ni lazima watu wengi wasukume kwa mara moja, na ili wasukume kwa mara moja ni lazima waimbe. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na kwenye kiitikio nguvu zote zinatoka. Sisi tunajua jambo hili vizuri. Nani kati yetu hajaona watu wakivuta mtumbwi au kusukuma gari katika matope kwa wimbo? Inasimuliwa kwamba watu hawa walimfundisha Jimmie nyimbo zao za huzuni, zile zinazoitwa bluzi, na namna ya kupiga banjo na gitari wakati wa kupumzika. Ile ndiyo ilikuwa masomo yake ya sekondari, na waalimu wake hawakuandikwa majina popote.

Alipokuwa kijana alipata kazi ya mtu wa freni. Mtu wa freni alisaidia kushughulikia freni za treni, pamoja na kuunganisha na kuachanisha mabehewa. Ilikuwa kazi ya hatari, ya mvua na baridi na moshi. Mwaka 1920 alioa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Kimetodisti, na mwaka 1921 wakapata binti, Anita. Mtoto wa pili, binti naye, alikufa akiwa mchanga mwaka 1923, wakati ambapo feza nyumbani ilikuwa haba kabisa.

Ugonjwa

Mwaka 1924 Jimmie alianza kutema damu. Munganga akamwambia ni kifua kikuu. Alikuwa na miaka 27.

Hapa nawaomba msome polepole. Leo, mtu wa kwetu akipatwa na kifua kikuu, tunamwambia aende hospitali, ameze dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, na wengi wanapona. Lakini mwaka 1924 dawa ya kuua vijidudu vile haikuwako. Ile ya kwanza, streptomisini, ilivumbuliwa mwaka 1943 tu, miaka kumi nyuma ya kifo chake. Waganga waliweza kusema maneno mawili tu: pumzika, na tafuta hewa nzuri. Na mtu maskini mwenye mke na mtoto atapumzika namna gani?

Kazi ya freni ikawa nzito kupita nguvu za kifua chake. Alijaribu hapa na pale, akaanguka. Basi kitu kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kile alichokiona zamani kama mchezo: gitari na sauti. Tusikose kuelewa neno hili. Rodgers hakuingia katika kazi ya nyimbo kwa kutafuta sifa tu. Aliingia pia kwa sababu mlango mwingine ulifungwa.

Siku ya Bristol

Mwaka 1927 alikuwa Asheville, mji wa milima katika North Carolina, akiimba kwa radio pamoja na kikundi cha vijana. Wakasikia kwamba mtu mmoja wa kampuni ya diski Victor, jina lake Ralph Peer, amefika Bristol, mji ulio juu ya mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia, na mashini ya kurekodi, na kwamba anatafuta waimbaji wa mashamba. Wakaenda. Lakini usiku ule mbele ya kurekodi, wakagombana juu ya jina la kikundi: wataandika jina la nani juu ya diski? Wenzake wakamwacha.

Tarehe 4 mwezi wa 8, 1927, Jimmie akasimama peke yake mbele ya mashini. Akaimba nyimbo mbili na gitari yake, akalipwa dola 100. Katika siku zile zile, mashini ile ile ilirekodi jamaa ya Carter kutoka milima ya Virginia. Watu wa Marekani wanahesabu siku zile za Bristol kama kuzaliwa kwa muziki wa kantri katika diski.

Sasa tunafika kwenye moyo wa habari. Bwana Peer alikuwa mtu wa hesabu. Nyimbo za zamani, zile za mababu, hazina mwenyewe. Kila mtu anaweza kuziimba, na hakuna anayelipwa. Lakini wimbo mpya, ulioandikishwa kwa jina la mtunzi wake, unaleta feza kidogo kwa kila diski inayouzwa. Hii ndiyo haki ya mtunzi. Peer alipatana na kampuni kwamba hatadai mshahara mkubwa, bali haki za nyimbo zitapita kwake, na yeye atagawana na watunzi. Kwa hiyo aliwaambia waimbaji wake wote jambo moja: leteni nyimbo mpya, za kwenu.

Jimmie hakungoja kuitwa. Mwezi wa 11 mwaka ule akasafiri mwenyewe mpaka New York kumtafuta Peer, na feza mfukoni ilikuwa karibu kwisha. Tarehe 30, katika mji wa Camden, New Jersey, alirekodi wimbo wa bluzi ambamo aliingiza yodeli, ndiyo sauti inayotoka kifuani na kuruka mara moja juu kabisa kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Maneno mengi ya wimbo ule yalifanana na yale ya wafanyakazi wa reli. Diski ile ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Mtu wa freni akawa mtu mashuhuri.

Kazi ya nyimbo ni kazi

Wengi wetu tungesema: basi, amefika, apumzike. Lakini kumbe hapo ndipo taabu ilianza. Diski ikiuzwa, kampuni inataka nyingine. Ukileta nne, wanauliza za mwezi ujao. Rodgers alikuwa anazunguka kuimba mji kwa mji ndani ya mahema, alikuwa anakohoa, mara nyingine alilala kitandani wiki nzima, na hakuweza kusoma muziki ulioandikwa. Nyimbo mpya zitatoka wapi?

Akamwita shemeji yake. Elsie McWilliams alikuwa dada ya Carrie, mama wa nyumbani mwenye kujua piano na nyimbo za kanisa. Mwaka 1928 akaanza kutunga pamoja naye. Kwa kuwa Jimmie hakuweza kusoma noti, ilikuwa lazima huyu mama amwimbie kila wimbo mpaka aushike kwa sikio, na kwa ajili hiyo alisafiri mpaka pahali pa kurekodi. Nyimbo alizotunga au alizosaidia kutunga zinapita thelathini. Katika zingine jina lake limeandikwa, katika zingine hakutaka liandikwe. Alifanya kazi ile juu ya dada yake na mtoto Anita, ili nyumba ya mgonjwa isianguke.

Wengine nao walimletea nyimbo. Raymond Hall alikuwa mfungwa katika gereza la Texas. Alituma maneno yake kwa barua. Jina lake linaonekana pamoja na la Rodgers katika wimbo juu ya kifua kikuu uliorekodiwa mwaka 1931. Wafikirini hawa wawili: mmoja amefungwa na kuta, mwingine amefungwa na kifua chake mwenyewe, na wimbo wao ukatoka nje ukaenda kila pahali. Katika miaka ile watu waliona aibu kutaja ugonjwa huu, jirani alikimbia nyumba yenye mgonjwa. Rodgers aliutaja kwa sauti kubwa, katika diski, kwa jina lake.

Kwa hiyo yule mwenzetu anayesema wimbo hauna kazi, na ahesabu: katika miaka isiyofika sita, mtu huyu mgonjwa alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Kila mmoja ulitafutwa, ulipangwa, ulijaribiwa, ulikatwa ili utoshe dakika tatu za upande mmoja wa diski. Na yule anayesema mtunzi ni mwizi, mimi simjibu upesi. Juu ya shemeji na mfungwa, kulikuwa na mapatano, na majina yapo kwenye vitabu vya haki. Lakini wale Weusi wa reli waliompa mtoto wa maji bluzi yake, hakuna aliyewatafuta kuwapa hata senti. Tarehe 16 mwezi wa 7, 1930, kule Hollywood, Rodgers alirekodi wimbo mmoja pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa Mweusi, na mkewe Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Ni jambo zuri kwamba walikaa pamoja mbele ya mashini moja katika wakati ule wa utengano. Hata hivyo jina la Armstrong halikuandikwa juu ya diski. Mambo hayo mawili ni ya kweli pamoja, na mimi sioni sababu ya kuficha moja ili lingine lipendeze.

Feza na mwisho

Feza ilikuja nyingi, ikaenda nyingi. Mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, katika vilima vya Texas, pahali ambapo hewa kavu ilisifiwa kwa wagonjwa wa kifua. Alipenda magari, alipenda nguo nzuri, alitoa kwa kila rafiki aliyenyoosha mkono. Kiisha ikaja ile shida kubwa ya uchumi wa Marekani iliyoanza mwishoni mwa 1929. Watu waliokosa mkate hawakununua diski. Waganga nao walitaka kulipwa. Nyumba ya Kerrville ikauzwa, jamaa ikahamia nyumba ndogo zaidi San Antonio. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1931, wakati ukame ulipopiga majimbo ya kusini, alikubali kuzunguka pamoja na mchekeshaji Will Rogers kuimba ili Msalaba Mwekundu upate feza za wenye njaa. Mgonjwa aliwaimbia wenye njaa.

Mwezi wa 5, 1933, alijua kwamba siku zake ni chache. Akapanda kwenda New York pamoja na muuguzi wa kumtunza, akamwomba Peer amruhusu kurekodi. Sababu ilikuwa wazi: nyimbo mpya zingeacha feza kwa Carrie na Anita. Ndani ya chumba cha kurekodi waliweka kitanda kidogo. Aliimba wimbo, akalala. Akainuka, akaimba mwingine, akalala tena. Kati ya tarehe 17 na tarehe 24 alimaliza nyimbo 12. Tarehe 26 mwezi ule, usiku, akafa katika hoteli moja ya New York. Alikuwa na miaka 35.

Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa treni, ile njia aliyoitumikia. Inasimuliwa kwamba mwendesha mashini alipokaribia mji alipiga filimbi ya treni kwa sauti ndefu ya chini mpaka gari lilipofika kituoni.

Carrie aliandika kitabu juu ya maisha ya mumewe kikatoka mwaka 1935. Mwaka 1961, Wamarekani walipofungua orodha ya heshima ya muziki wa kantri, majina matatu ya kwanza yalikuwa Jimmie Rodgers, Hank Williams na Fred Rose. Mwaka 1978 serikali yao ilitoa tembre ya posta yenye picha yake. Na mwaka 1979 Elsie McWilliams naye akaingizwa katika orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo kule Nashville, akiwa mama mzee wa zaidi ya miaka themanini. Shemeji aliyekataa jina lake liandikwe, jina lake liliandikwa mwishoni.

Chemirocha

Habari moja bado, na hii ni ya upande wetu wa dunia. Gramofoni za Wazungu zilifika mpaka kwa Wakipsigis, watu wafugaji wa Kenya. Pale walisikia sauti ya ajabu ikitoka katika sanduku, inaruka juu kama si ya binadamu. Waliuliza jina lake, na katika vinywa vyao Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipopita na mashini yake, wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo wao wenyewe juu ya Chemirocha, na wakamweleza kama kiumbe nusu mtu, nusu paa, mcheza ngoma. Tracey ni yule yule aliyefika Katanga mwaka 1952 na kurekodi gitari ya Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, leo Likasi.

Nimefikiri sana juu ya Chemirocha. Wafanyakazi Weusi walimpa mtoto nyimbo, majina yao yakapotea na nyimbo zikabaki. Nyuma ya miaka mingi nyimbo zile zikavuka bahari ndani ya diski, zikafika Afrika, na safari hii ni yeye mwenyewe aliyepotea: wakashika sauti na jina, wakapoteza mtu, mgonjwa wa Meridian na kitanda chake kidogo. Wale wasichana hawakumfanyia ubaya, hakuna aliyewapa habari. Lakini sisi tunaojua kuandika hatuna udhuru ule.

Ndiyo sababu, wenzangu wa gitari, ninawaomba mambo mawili. Anayetaka kutunga, atunge kama mtu aendaye kazini, hata siku ambayo kichwa kiko kitupu na mwili umechoka. Na tukisimama kuimba siku ya kufunga mwaka, tutaje kwanza nani alitupa maneno, nani alitupa sauti, nani alitufundisha nyuzi. Hii ni sawa pia kwa zile kazi za nyumbani ambazo watatu wanaandika na mmoja anapokea alama. Mimi mwenyewe nimekwisha kufanya hivi, na sasa naona aibu.

Wiki ijayo jioni, kiisha kula, mabishano yaendelee. Mimi nitakuja.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho